Marashi Yaliyokataliwa na Ng'ombe

Mliniacha mlangoni kwa Fabiani mchinja nyama, ndoo tupu mkononi, nikiambiwa kwamba mafuta yote ya ng'ombe wa Babati yameshapata mwenyewe.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Xaveria, Mama Dominick, mpika sabuni. Mume wangu Teodori, dereva wa lori, aliniaga asubuhi moja kwamba anapeleka mahindi Kondoa. Kumbe alikwenda Moshi kuishi na mwanamke mwingine. Mwanamke huyo ndiye Mektilda. Mwaka 1984, sabuni ilipokuwa adimu kuliko nyama, wawili hao wakarudi Babati wameshikana mikono, wakafungua biashara. Biashara gani? Ya kupika sabuni. Wapi? Sokoni, mbele ya meza yangu, ng'ambo ya mtaro.

Wapo wasomaji walioniandikia. Bwana mmoja wa Singe ananishauri nisamehe, maana yameshapita. Nimemsikia. Sikusamehe wakati ule, na ninapoyaandika haya sijasamehe bado.

Sasa tuendelee.

"Yote?" nilimwuliza Fabiani.

"Yote, Mama Dominick. Ameniletea na madumu ya kuwekea."

"Miaka yote hii nani alikuwa anakuondolea mafuta hayo? Mbwa walikuwa wanayagombania hapa mlangoni!"

"Ni kweli."

"Basi?"

Fabiani akafuta kisu chake taratibu. "Nikwambie ukweli usikasirike? Wewe ulikuwa unakuja siku unayojisikia. Yule anakuja kila asubuhi kabla sijafungua. Anasalimia. Ananisafishia na gogo la kukatia nyama. Halafu mume wako, samahani, yule Teodori, ananiletea betri za redio kutoka Arusha. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Sikumwambia. Nilimwambia nyama yake ina minyoo, nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja sokoni.

Meza ya Mektilda ilikuwa imepangwa ikapangika. Sabuni nyeupe, vipande sawasawa, vimenyunyiziwa marashi ya waridi ambayo Teodori alikuwa anayapata kwa wahindi wa Arusha. Wanawake walikuwa wanavinusa na kufumba macho.

Yangu ilikuwa ya kahawia na ilinuka machinjio. Nilikuwa naikata kwa panga bila kuangalia. Mtu akilalamika kipande ni kidogo, nilimwambia aende akaoge kwa majani ya mpapai. Naye alikuwa anachukua, kwa sababu aende wapi? Duka la ushirika lilikuwa linapata sabuni kwa mgao, na mgao ukija, walioonja ni wenye ndugu nyuma ya kaunta. Hata ule mwaka wa kukamata walanguzi, mgambo walifika mezani kwangu, wakaziba pua, wakaendelea na safari.

Nilikuwa peke yangu. Peke yangu nilikuwa malkia.

"Mektilda!" nilimwita kwa jina lake tupu, bila mama wala dada.

"Karibu, dada. Unahitaji kipande?"

"Ulichukua mume. Sasa umechukua na mafuta."

"Mume alikuja mwenyewe," alijibu bila kupandisha sauti. "Mafuta ndiyo niliyafuata."

Soko likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Aikande, muuza vitunguu, jirani yangu wa meza na wa nyumba, mtu niliyekuwa nakunywa naye chai kila siku.

Hapo ndipo nilipoona vidole vya Mektilda. Vilikuwa vimefungwa matambara. Yeye alikuwa anapika kwa kostiki, ile dawa kali ya kiwandani inayobabua ngozi, na ilikuwa imemla mikono. Moyo wangu ukafurahi. Nasema ukweli, ukafurahi sana.

"Sikilizeni wote!" nilipiga kelele. "Kabla ya Krismasi, mmoja atapanda basi aondoke Babati. Kama si huyu, ni mimi. Nitabomoa mafiga yangu kwa mikono yangu hii, nirudi Dareda kwa kaka yangu nikalime maharage!"

"Tumesikia, Mama Dominick," Aikande akasema. "Soko zima limesikia."

"Basi la Dareda linaondoka saa ngapi, dada?" Mektilda akauliza.

Wakacheka tena.

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya mafiga yaliyopoa. Mafiga yale ndiyo yaliyomlipia Dominick wangu shule kule Mbulu baada ya baba yake kupotelea Kondoa. Na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimeyaweka rehani mbele ya watu.

Haikupita wiki akaja mwanamke uani kwangu. Mrefu, bangili za shaba hadi kiwikoni, mmoja wa wafugaji wa kule tambarare za Hanang. Mkononi alikuwa amefumbata kipande cheupe cha sabuni. Alikuwa anatweta kwa hasira.

"Wewe mama ya sabuni?"

"Ndiyo mimi. Karibu, mama."

"Sikaribii. Sabuni yako naua ndama yangu!"

Nilimpa kigoda akakikataa. Nilimpa maji akanywa, kisha akasema yaliyomleta. Jina lake lilikuwa Domina. Alikuwa amenunua ile sabuni kwenye mnada wa ng'ombe kwa sababu ya harufu yake nzuri, akanawa nayo asubuhi, akaenda kukamua.

Kwa msiowahi kuishi na wafugaji, ni hivi. Ng'ombe wao hawatoi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Mkamuaji anamshika ndama, anamsukuma kwa mama yake, mama anamnusa, anamlamba, maziwa yanashuka. Ndipo ndama anavutwa pembeni na mtu anakamua.

"Nashika ndama na mkono yangu," Domina akasema. "Ng'ombe nanusa. Nasema, huyu siyo mtoto yangu, huyu nanuka kitu gani? Napiga teke. Kesho, teke. Kesho kutwa, teke. Maziwa nakauka, ndama nakonda mpaka mbavu."

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majivu. Domina akaniangalia kama anayetafuta fimbo.

"Nisamehe, mama yangu," nikasema nikifuta machozi. "Hiyo siyo sabuni yangu. Nitakuonyesha mwenye nayo. Mnada unaofuata twende wote."

Tulikwenda. Nilimnunulia Domina chai na mandazi, nikamwambia awasimulie wenzake kwa lugha yao, asiongeze wala asipunguze. Sikuwa na haja ya uongo. Ukweli ulikuwa mtamu kutosha.

Hadi saa sita mchana habari ilikuwa imefika kila zizi. Wanawake wakaanza kumrudishia Mektilda vipande vyake vilivyotumika nusu, wakavitupa kwenye mkeka wake. Teodori akashuka kwenye lori mbio mbio kuja kutuliza watu. Akamkabili mzee mmoja mwenye mkuki.

"Shikamoo, mzee. Haya ni maneno ya wivu tu."

"Marahaba," mzee akajibu. "Ng'ombe hana wivu."

Mektilda alikuwa anaokota vipande vyake kimoja kimoja kwa vidole vyake vya matambara. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, nikitazama. Sijawahi kushiba vile kwa chakula.

Kisha nikatandika mkeka wangu nikasubiri wateja wahamie kwangu.

Hakuja mtu.

"Domina, vipi?" nikamwuliza. "Mbona hawanunui?"

"Yako nanuka ng'ombe ya kufa."

"Lakini mmekuwa mnaninunulia miaka yote!"

"Ya kufua shuka ya wanaume. Mkono ya kukamua, hapana. Ng'ombe nasikia harufu ya machinjio, naogopa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe hukuuliza. Wewe nasema tu, chukua ama acha." Akainuka akajifunga shuka yake vizuri. "Na sasa wanaume nasema sabuni ya Babati yote mbaya. Hata ya kufua hataki."

Basi mnaona. Kisu nilichomnolea Mektilda kilikuwa kimenikata na mimi.

Na huyo Mektilda msimdhanie. Mwanamke yule alikuwa mwepesi. Kosa alilolijua mnadani siku ile, wiki haikwisha alikuwa ameshalirekebisha. Akaja sokoni na meza mbili, moja ya sabuni yenye marashi kwa watu wa mjini, ya pili isiyo na marashi. Kosa langu mimi lilikuwa limetimiza umri wa kuanza shule.

Wafugaji walikuwa bado wanaitilia shaka ile ya pili, lakini walikuwa wanaishika, wanainusa, wanauliza. Yangu hawakuigusa. Na hata wangeitaka, ningeipika na nini? Mafuta kwa Fabiani yalikuwa yanaondoka asubuhi kwa madumu.

"Mama Dominick," Aikande akanitania siku moja, akipanga vitunguu vyake, "nikushikie kiti cha dirishani?"

"Shikia mdomo wako."

Sikumchekea kwa siku kadhaa. Lakini maneno yake yalinikaa. Nilikuwa nikitembea nayaona mafiga yangu yamebomolewa, namwona Mektilda amesimama stendi akinipungia tambara.

Hasira ndiyo iliyonifikirisha. Nilijiuliza swali moja ambalo ningejiuliza tangu zamani kama nisingekuwa nimebweteka. Hawa watu wanapokamua, mikononi wana nini?

Nikapanda lori la mahindi linalokwenda njia ya Katesh, nikashuka porini, nikauliza njia mpaka bomani kwa Domina.

"Mkikamua mnapaka nini mikononi?"

"Samli kidogo. Chuchu isipasuke."

"Ng'ombe hakatai?"

"Akatae kwa nini? Samli si maziwa yake?"

"Na samli ikichacha?"

"Napaka ngozi. Ikizidi, namwaga."

Wanamwaga! Mimi Babati nagombania mafuta ya machinjio na mwizi wa mume, kumbe huku kuna mafuta yanamwagwa! Nilimshika Domina mikono yote miwili nikamwomba kila tone la samli iliyochacha aliyokuwa nayo, na aliyonayo jirani yake, na jirani wa jirani yake. Nilirudi na vibuyu mgongoni kama punda.

Kupika sasa.

Mara ya kwanza ikatoka uji. Nikawamwagia kuku, kuku wakakataa. Mara ya pili ikaganda juu, chini maji, na ikanuka uchachu mpaka Aikande akaja kuuliza kama kuna mtu amefia ndani. Nikaongeza maji ya majivu, ambayo ndiyo kostiki yangu mimi, ikawa kali, ikanibabua kiganja. Nikapunguza, ikateleza kama bamia. Nililia pale jikoni, machozi ya hasira, kwa sababu nilijua ng'ambo ya mtaro kuna mtu anauza.

Nikaona tatizo ni yale masalia ya maziwa yaliyomo ndani ya samli. Nikaanza kuichemsha kwanza na maji matupu. Uchafu ukazama, mafuta yakaelea safi, nikayaengua. Ndipo nikatia maji ya majivu na chokaa, nikakoroga mpaka mabega yakafa ganzi, nikamalizia kwa kurushia chumvi. Asubuhi nikakuta imeganda. Rangi ya siagi. Nikainusa. Ilikuwa na harufu ya kibuyu cha maziwa kilichooshwa, basi.

Nikaikata kwa uzi, vipande sawasawa, kama vya Mektilda.

Naomba niseme jambo hapa. Nilipokuwa peke yangu sokoni sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya sabuni. Mektilda ndiye aliyeniondolea usingizi, na katika wiki zile chache niliijua kazi yangu kuliko miaka yote ya umalkia. Sijamshukuru kwa hilo. Ningeweza kumshukuru, labda, kama angekuwa kwenye basi tayari.

Nikarudi kwa Domina na kipande kimoja kwenye kitambaa. Mume wake alikuwa amesimama zizini na fimbo.

"Akikataa ndama," akaniambia, "wewe utanipa ndama."

"Sawa, baba," nikasema, na hata kuku wa kunitosha sikuwa nao.

Domina akanawa mpaka viwikoni. Akamshika ndama, yuleyule aliyekonda, akampapasa mgongo mzima, akamsukuma. Ng'ombe akageuza kichwa. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu, pua ikitembea kutoka shingoni mpaka mkiani. Mguu wake wa nyuma ukainuka kidogo. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, ng'ombe alikuwa ametoa ulimi anamlamba mtoto wake.

Maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu. Yule mwanaume akasikiliza, akabadilisha fimbo mkono, akaniuliza, "Unazo nyingine?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Wanawake wa tambarare walikuwa wanakuja na samli iliyochacha, wanaondoka na sabuni. Sikuhitaji Fabiani wala machinjio yake. Mnada wa Desemba walinizunguka mpaka nikaomba nafasi ya kuhema. Hata wanawake wa mjini wakaanza kuuliza, maana haikuwapasua ngozi kama ile ya kostiki.

Ng'ambo ya mtaro Mektilda akashusha bei. Akashusha tena. Akaongeza marashi. Kisha siku moja meza yake ilikuwa tupu. Siku ya pili vilevile.

Fabiani alinijia mwenyewe na ndoo imejaa. "Mama Dominick, mafuta yapo."

"Mpelekee anayekusafishia gogo."

Niliimba njia nzima kurudi nyumbani. Aikande akaja na vitunguu vya bure kuomba yaishe. Nikamkaribisha chai, nikamwambia akamshikie Mektilda kiti cha dirishani.

Alhamisi ile, Krismasi ikiwa Jumanne, mtu akapiga hodi.

"Karibu!" nikasema kabla sijageuka.

Nilipogeuka nilimwona Teodori. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Mama Dominick. Za siku nyingi?"

"Nyingi kweli. Mahindi yalifika Kondoa?"

Akainamisha kichwa. "Nina makosa, najua. Siwezi kuyaficha. Lakini nimechoka na yule mwanamke. Nataka kurudi nyumbani."

"Na yeye?"

"Nitampandisha basi la Moshi Jumatatu asubuhi. Soko zima litaona. Si ndivyo ulivyoapa?"

Niliendelea kukoroga. Wasomaji wangu, msinidhanie vibaya. Sikumtaka Teodori. Mapenzi yangu kwake yalikwisha siku niliposikia yuko Moshi. Nilichotaka ni Mektilda amwone akitoka. Nilitaka asimame mlangoni kama nilivyosimama mimi.

"Na wewe unataka nini hasa?" nikamwuliza.

"Tupike pamoja. Unionyeshe hii ya samli inavyokwenda, niwe nakusaidia. Kazi hii ni nzito kwa mwanamke peke yake."

"Njoo Jumamosi," nikasema. "Uje na pipa lake la kupikia na kopo lake la kostiki. Upite navyo katikati ya soko, mchana, watu wakiwa wamejaa."

Akatabasamu. "Vyote nitaleta."

Na alileta. Jumamosi nilisikia mkokoteni kabla sijauona. Pipa la Mektilda likiwa juu, kopo la kostiki pembeni, Teodori anasukuma huku anasalimia watu kama mgombea. Nyuma yake Aikande na nusu ya soko. Akaingia uani kwangu. Wengine wakabaki nje ya ua wangu wa minyaa, ambao ni mrefu kuliko mtu, wanasikiliza.

Akashusha pipa, akaweka kopo la kostiki karibu na mguu wake, akalifungua kifuniko kunionyesha kwamba limejaa. Akavuta kigoda akaketi mbele ya mafiga, mikono ya shati ameikunja, kinywa hakifungiki kwa kicheko.

"Haya, Mama Dominick. Nionyeshe. Unaanza na nini?"

Sufuria la samli lilikuwa motoni, limeanza kuchemka. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya kuchemsha kwanza na maji.

"Shikamoo, dada."

Mektilda alikuwa amesimama mlangoni pa ua. Peke yake. Tangu aje Babati hakuwahi kuniamkia. Mdomo wangu ukajibu marahaba kabla sijauzuia.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimeona pipa langu likipita, nikajua liko huku. Naomba nikuulize neno moja tu. Amekwambia lile lori pale stendi linashusha nini?"

"Mektilda, nenda nyumbani," Teodori akasema.

"Linashusha maboksi. Sabuni ya kiwandani, kutoka nje. Si unajua serikali imelegeza mwaka huu, mwenye fedha zake nje anaruhusiwa kuleta bidhaa? Mwenye mzigo ni tajiri wa Arusha. Wakala wake wa hapa Babati ni huyo uliyempa kigoda. Duka wameshapanga tangu Novemba. Mimi nimeambiwa leo asubuhi, na huyo tajiri mwenyewe. Ameniambia nikitaka, kuna kazi ya kufagia."

Moto ukalia.

"Sasa ya samli anaitakia nini?" nikamwuliza Mektilda.

"Tajiri amemwambia hivi. Watu wa mjini tutawapata, lakini sabuni yetu ina manukato, wafugaji hawataigusa. Kajifunze ile ya yule mama, tutaipika Arusha kwa mashine. Ndiyo kazi iliyomleta kwako na shati la pasi. Hapandi basi mmoja, dada. Tunapanda wote wawili, kila mtu kwao. Yeye anabaki."

Nikamgeukia Teodori. "Ni kweli?"

Alicheka. Kweli alicheka, kile kicheko chake cha dereva aliyepita kizuizi bila kukaguliwa.

"Sasa mlitaka nife njaa na mapipa yenu haya? Mambo yanabadilika, Mama Dominick. Ukinionyesha vizuri nitakukumbuka. Usiponionyesha, nimeshaona samli, nimeshaona majivu. Kilichobaki ni kidogo, nitakijua tu."

Nje ya minyaa sauti ya Aikande ikapaa. "Mama Dominick! Krismasi ni Jumanne! Nani anapanda?"

Niliangalia vidole vya Mektilda. Matambara yalikuwa machafu na kidole kimoja kilikuwa kinatoa maji. Niliangalia kiganja changu kilichobabuka. Kisha nikaangalia mikono ya Teodori, imetulia juu ya magoti yake. Katika sabuni yote iliyopikwa Babati mwaka ule, kwa Mektilda na kwangu, mikono ile haikuwa imepata kovu hata moja.

Samli ikaanza kuruka ruka ndani ya sufuria. Nikachukua mwiko mrefu.

"Nilisema mmoja," nikamjibu Aikande kwa sauti, soko zima lisikie. "Atapanda mmoja."

Kisha nikashusha sauti.

"Mektilda, mdogo wangu, ingia ndani. Funga huo mlango."

Mektilda akanitazama, akalitazama kopo la kostiki lililokuwa wazi pale mguuni pa Teodori, akaingia. Nikasikia komeo linasukumwa mpaka mwisho.

Teodori akaacha kucheka.